Seli moja, kujila kwa aina mbili: kisa cha MCF-7 na seramidi

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna seli za saratani ya matiti zinaitwa MCF-7, maabara nyingi sana za saratani duniani zinazo kwenye friza. Mwaka 1996 kundi la Wilfried Bursch kule Vienna, Austria, liliziwekea tamoksifeni, ile dawa ya vidonge ambayo akina mama wengi wenye saratani ya matiti wanaimeza kwa miaka mitano au zaidi, seli zikaanza kujila zenyewe kwa ndani mpaka zikafa, na walipozuia kule kujila kwa kemikali vifo vikapungua. Sawa. Mwaka 2008 kundi lingine huko Georgia, Marekani, likachukua MCF-7 hizohizo, likaweka 4-hidroksitamoksifeni ambayo ni tamoksifeni ikishabadilishwa na ini, nao wakazuia kujila, na safari hii seli zikafa ZAIDI. Yaani Vienna kujila kulikuwa kunaua, Georgia kujila kulikuwa kunaokoa. Seli zina jina lilelile, dawa ni ya ukoo uleule, alafu majibu yanapingana kabisa.

Mi naona hiki kisa kinastahili kukaliwa chini, mana habari za otofaji, yaani seli kujila yenyewe, zimesambaa sana siku hizi, unaletewa ujumbe kwenye WhatsApp kwamba ukifunga kula masaa kadhaa seli zinajila na uvimbe unaliwa humohumo, na kuna mtu ana uvimbe kweli anausoma ule ujumbe usiku peke yake anaanza kufikiria kuacha kliniki. Hilo linaniumiza kwa kweli. Na ukiangalia data za hizi seli unaona jambo ni zito kuliko "kujila ni kuzuri" au "kujila ni kubaya", na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kundi la mafuta ambalo watu wachache wanalizungumzia, sfingolipidi.

Kwanza tuwajue wahusika.

MCF-7 zilitoka kwa mtawa wa Kikatoliki wa miaka 69 aliyekuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, maji yaliyojaa kwenye kifua chake yalichukuliwa mwaka 1970 na Herbert Soule na wenzake wa Michigan Cancer Foundation, Detroit, wakazikuza seli zilizokuwemo na mwaka 1973 wakatangaza kwamba zimekubali kuishi kwenye sahani ya maabara. Mama yule alifariki, seli zake hazijaacha kugawanyika mpaka leo. Zina vipokezi vya estrojeni, yaani protini zinazoipokea hiyo homoni ya kike, ndo mana tamoksifeni inazigusa. Kuna kitu kingine ambacho msomaji wa kisa hiki lazima akiweke kichwani muda wote: MCF-7 hazina kaspesi-3, kimeng'enya kikuu cha kumalizia kazi kwenye apoptosi, yaani seli kujiua kwa mpangilio, hilo lilionyeshwa mwaka 1998, jeni yake imekatika kipande. Kwahiyo hii ni seli ambayo njia yake ya kawaida ya kufa ina pengo, na ukiona inakufa kwa sura isiyo ya kawaida usishangae sana.

Kujila nako. Ndani ya seli unatokea utando wenye kuta mbili, unazungushia kipande cha seli, mitokondria iliyochoka, protini zilizoharibika, unafunga, alafu unaungana na laisosomu yenye asidi na vimeng'enya, kilichomo kinavunjwavunjwa na malighafi inarudi kutumika. Christian de Duve ndo alilipa jambo hili jina mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi akapata Nobel ya mwaka 2016 kwa kuchambua jeni zake kwenye hamira. Kwa seli yenye afya hii ni kazi ya kila siku, ya kusafisha na ya kujikimu. Nyumba ikikosa chakula unaweza kuuza kabati lililokaa bure mkala, ila ukishafika kung'oa mabati ya paa na kuyauza, hapo njaa inaweza kupoa na nyumba ikaisha vilevile. Swali la kisa chetu ni nani anaamua seli iuze kabati au ing'oe mabati.

Sasa sfingolipidi. Katikati yao yupo seramidi. Inatengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, kuanzia na serini, asidi amino ya kawaida tu, inaunganishwa na asidi ya mafuta ya palmitiki na kimeng'enya kinachoitwa serini palmitoiltransferesi, zinafuata hatua chache na seramidi imepatikana, au inapatikana kwa kuvunja sfingomielini iliyopo kwenye utando wa seli. Alafu seramidi yenyewe inaweza kuvunjwa na seramidesi ikawa sfingosini, na sfingosini ikibandikwa fosfeti na sfingosini kinesi (kinesi ni kimeng'enya cha kubandika fosfeti, hizi zipo mbili, SK1 na SK2) inakuwa sfingosini-1-fosfeti, wengi wanaiandika S1P. Angalia umbali: kutoka seramidi mpaka S1P ni vimeng'enya viwili tu. Na tabia zao ni tofauti kabisa. Lina Obeid na Yusuf Hannun walionyesha mwaka 1993 kwamba seramidi inasukuma seli kwenye kifo kilichopangwa, na mwaka 1996 kundi la Sarah Spiegel likaonyesha S1P inazuia kifo kile kinacholetwa na seramidi. Kwahiyo uhai wa seli unategemea uwiano wa mafuta mawili yanayogeuzana, na yeyote anayeshika hivyo vimeng'enya viwili ameshika seli.

Tunarudi kwa MCF-7.

Mwaka 1999 Beth Levine na wenzake walichapisha kwenye Nature kwamba MCF-7 zina kiwango kidogo sana cha protini inaitwa Beklini 1, ambayo inahitajika kuanzisha kujila, na walipoirudishia seli hiyo Beklini 1, kujila kukaongezeka na uwezo wake wa kuotesha uvimbe kwenye panya ukapungua. Baadaye mwaka 2003 ikaonekana panya waliobakiwa na nakala moja tu ya jeni hiyo wanapata vivimbe zaidi. Hapo ndo watu wengi waliposhika msimamo kwamba kujila ni mlinzi dhidi ya saratani. Msimamo una ukweli ila una tobo moja ambalo ni haki kulisema: jeni ya Beklini 1 iko kwenye kromosomu ya 17, jirani kabisa na BRCA1, jeni nyingine ambayo ikiharibika huleta saratani ya matiti, na kwenye vivimbe vingi vya matiti kipande kile chote kinapotea kwa mpigo, kwahiyo mwaka 2014 uchambuzi wa data nyingi za vivimbe vya binadamu ulitoa hoja kwamba anayelengwa pale ni BRCA1 na Beklini 1 inapotea kwa sababu ya ujirani tu. Mi hoja hiyo naiona nzito kwa upande wa wagonjwa, ingawa ya panya haijafutwa.

Mwaka 2004 ndo seramidi inaingia rasmi. Francesca Scarlatti, akiwa na kina Riccardo Ghidoni wa Milan na Patrice Codogno wa Ufaransa, walianza na seli za saratani ya utumbo mpana, HT-29, wakaziwekea seramidi yenye mkia mfupi inayopenya kirahisi, seli zikajila. Wakaangalia njia iliyotumika wakakuta mambo mawili yanakwenda pamoja: seramidi inazima Akt, ile protini inayoiambia seli "kua, usife", na inaongeza Beklini 1. Alafu wakahamia kwa MCF-7 na tamoksifeni, na hapa ndo pananifurahisha, tamoksifeni nayo iliongeza Beklini 1, ila walipoweka mairiosini, sumu ya kuvu inayofunga serini palmitoiltransferesi ili seramidi mpya isitengenezwe, Beklini 1 haikupanda tena. Maana yake tamoksifeni ilikuwa inapitia kwa seramidi. Watu tunaijua kama dawa ya kuziba vipokezi vya estrojeni, na kweli ndo kazi yake, ila pembeni inagusa mafuta haya pia, na kundi la Myles Cabot lilikuwa limeshaonyesha tangu 1996 kwamba tamoksifeni inazuia seramidi isibandikwe glukosi, kitu ambacho seli sugu, zile zisizosikia dawa, hukitumia kuituliza seramidi.

Hapo naomba nipenyeze jambo. Ushahidi mwingi wa mwanzo kuhusu seramidi yenye glukosi na usugu wa dawa ulitoka kwenye seli sugu zilizoitwa MCF-7/AdrR. Baadaye ikathibitika kwamba hazikuwa MCF-7 wala za matiti, ni seli za saratani ya ovari, OVCAR-8, zilizochanganywa miaka ya nyuma bila mtu kujua. Wazo la glukosi limesimama kwa ushahidi wa seli nyingine, kwahiyo si kwamba lote limeanguka, lakini ukisoma makala ya zamani yenye jina hilo iweke kwenye fungu lake sahihi.

Mwaka 2006 ndo kisa kinageuka. Grégory Lavieu, kundi lilelile la Codogno na Ghidoni, wakachukua MCF-7 na badala ya seramidi wakaongeza SK1, kimeng'enya kinachotengeneza S1P. Kwa akili ya kawaida, kama seramidi inaleta kujila na S1P ni mpinzani wake, ungetegemea S1P izuie kujila. Haikuwa hivyo. Seli zenye SK1 nyingi nazo zilijila. Ila zilijila kwa namna nyingine: mTOR, protini ambayo ikiwaka huzuia kujila, ilizimwa bila Akt kuguswa, na Beklini 1 haikupanda kwa kiwango kikubwa kama kwa seramidi. Alafu wakazinyima seli chakula, wakaona njaa yenyewe inaiamsha SK1, na walipoinyamazisha SK1, au Atg7 ambayo ni protini ya lazima kwenye kujila, seli zenye njaa zikaelekea kufa kwa dalili za apoptosi. Kwahiyo kujila kwa S1P ni kujila kwa kujiokoa.

Ukiyaweka haya matokeo pembeni ya yale ya Vienna na Georgia, kwa maoni yangu ule mgongano unapungua ukali sana. Kuona kwamba seli "inajila" hakukwambii kitu kuhusu mwisho wake, inabidi ujue ni lipi kati ya mafuta mawili lililotoa amri, Akt imezimwa au ipo, na Beklini 1 imepanda kwa kiasi gani. Tamoksifeni kwa dozi fulani na muda fulani inaweza kurundika seramidi mpaka Akt ikazimwa na Beklini 1 ikafurika, seli ikavuka mpaka. Dozi nyingine, au seli yenye SK1 ya kutosha kugeuza ile seramidi haraka, inabaki kwenye upande wa kujikimu, na seli hizo ndo zinazobaki hai na kuja kuwa sugu. Hili la mwisho ni tafsiri yangu ya kuunganisha, hakuna jaribio moja lililopima yote hayo kwenye sahani moja, ila nina sababu ya kuliamini: mwaka 2010 kundi la Susan na Nigel Pyne kule Glasgow, Uingereza, lilipima vivimbe vya wagonjwa wenye vipokezi vya estrojeni likakuta waliokuwa na SK1 nyingi kwenye saitoplazimu, ule ute wa ndani, ya seli za uvimbe saratani iliwarudia mapema zaidi wakiwa kwenye tamoksifeni. Hapo tumetoka kwenye sahani tumefika kwa watu.

Beklini 1 nayo inastahili maelezo kidogo mana ndo inayotofautisha hizo njia mbili. Kwa kawaida inakuwa imeshikwa na protini nyingine, Bcl-2, na ikiwa imeshikwa haiwezi kuanzisha kitu. Sophie Pattingre na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba seramidi inaiamsha kinesi inaitwa JNK1, nayo inaibandika Bcl-2 fosfeti, Bcl-2 inaachia, Beklini 1 inakuwa huru. Kwahiyo seramidi inafanya kazi mbili, inaongeza idadi na inaifungua iliyoshikwa, wakati huohuo inaiondoa Akt iliyokuwa inalinda. Ukijumlisha hayo unaona kwa nini kujila kwake ni kwa nguvu kiasi kile.

Na kuna seramidi na seramidi, mikia inatofautiana urefu. Kundi la Besim Ogretmen, Charleston, South Carolina, mwaka 2012 lilikuta kwamba seramidi yenye mkia wa kaboni 18 ikikaa kwenye mitokondria inaishika moja kwa moja LC3, ile protini ya utando wa kujila, inauvuta utando mpaka pale, mitokondria zinaliwa moja baada ya nyingine na seli inakufa. Zile zilikuwa seli za saratani za kichwa na shingo. Hii kwangu ni picha iliyo wazi kuliko zote ya kujila kunakoua, mana tunajua kinacholiwa ni nini: chanzo cha nishati yenyewe.

Lakini hata kwa seramidi si kila kujila ni muuaji, na hapa ndo wengi wanapotea. Mwaka 2008 kundi la Aimee Edinger kule California lilionyesha seramidi inaua kwa kuondoa milango ya virutubisho kwenye utando wa nje, vile visafirishaji vya glukosi na asidi amino, seli inakufa njaa katikati ya chakula. Kwenye hali hiyo kujila ni juhudi ya mwisho ya kupata cha kula, na ukikuzuia seli inaumia zaidi. Hali kama hiyo ilionekana kwa dawa ya ABC294640 inayofunga SK2, iliyokuja kuitwa opaganibu: mwaka 2010 iliripotiwa inaleta kujila kwa seli za saratani ya figo, ila ukizuia kujila seli bado zinakufa, zinahamia kwenye apoptosi. Yaani kujila kulikuwepo pale kifo kilipotokea lakini si lazima ndo kulikuwa sababu. Dawa hiyo imeshafika kwa wagonjwa, majaribio ya awamu ya kwanza kwa watu wenye vivimbe vilivyosambaa yalichapishwa 2017, yaliangalia hasa usalama na dozi.

Kuna udhaifu wa vipimo pia ambao nauweka wazi. Makala nyingi za wakati ule zinahesabu nukta za LC3 kwenye darubini, nukta zikiwa nyingi wanasema kujila kumeongezeka. Nukta zinaongezeka kwa sababu mbili, ama utando unatengenezwa kwa wingi ama laisosomu zimeziba na mzigo haushuki, na hizo ni hali zinazopingana. Kemikali iliyotumika Vienna kuzuia kujila, 3-methiladenini, inagusa kinesi zaidi ya moja. Na dozi za kwenye sahani mara nyingi ni kubwa kuliko zinazopatikana kwenye damu ya mgonjwa. Ukiongeza lile la kaspesi-3 kukosekana, MCF-7 ni shahidi mzuri wa kuonyesha njia zipo, si shahidi wa kukwambia mgonjwa fulani atapona.

Klorokwini tunaijua wengi, ule uchungu na kuwashwa mwili mzima, Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Inaharibu asidi ya laisosomu, kwahiyo inazuia hatua ya mwisho ya kujila, na ndugu yake hidroksiklorokwini imejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani pamoja na dawa nyingine kwa wazo hilohilo la Georgia, kwamba seli sugu inaishi kwa kujila basi tuikatie. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake unaendeshwa na S1P wazo lina mantiki. Kwa ambaye dawa yake inaua kwa kupitia seramidi na kujila, unaweza kuwa unamnyang'anya silaha. Ndo mana mtu asijitibu nayo nyumbani hata kidogo.

Na kufunga kula je? Jaribio la Lavieu linaligusa hili moja kwa moja: seli ya saratani ya matiti ilinyimwa chakula, njaa ikaamsha SK1, SK1 ikaleta kujila, kujila kukaisaidia isife. Najua kuondoa asidi amino kwenye sahani si sawa na mtu kufunga, mwili una ini, una homoni, una akiba, na kuna watafiti wanaopima kufunga kwa usimamizi sambamba na kemotherapia, hao wafanye kazi yao. Lakini anayesema njaa inaifanya saratani ijile na kuisha, hajakutana na seli hii. Na mama aliyepungua kilo kwa ugonjwa, alafu anaambiwa asile, anapoteza nguvu za kuvumilia matibabu ambayo ushahidi wake upo.

Kwa watafiti wetu vijana walioko Muhimbili, Nairobi, Makerere na kwingineko wenye vipande vya vivimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, mi ningependa kuona SK1 na Beklini 1 zikipimwa kwa pamoja kwenye kipande kilekile, kwa akina mama wenye vipokezi vya estrojeni, alafu wafuatiliwe wakiwa kwenye tamoksifeni. Rangi za kingamwili za kupima protini zote mbili zinauzwa, darubini ya kawaida ya patholojia inatosha, na kipimo cha vipokezi vya estrojeni chenyewe kinafanyika kwa njia hiyohiyo.